Mizani ya Tjitske Chini ya Shingo ya Tela

Kila asubuhi kabla ya kahawa, Tjitske alipanda juu ya mizani ya bafuni, akaguna, akashuka, kisha akaitia kwapani na kutoka nayo nje. Huko aliiweka chini ya shingo ya tela letu la kulala, pale linapofungwa kwenye gari, akasimamisha kipande cha mti juu yake na kuishusha shingo taratibu mpaka ikakikalia.

"Kilo sabini na tano," alijisemea. Ikizidi au ikipungua, aliingia ndani ya tela kusogeza mizigo mpaka itimie, maana shingo ikiwa nyepesi tela huyumba barabarani.

Bibi alikuwa akimtazama dirishani na kikombe mkononi. "Mizani moja," alisema, "inapima matela mawili."

Tjitske hakunizaa. Aliolewa na baba yangu, Harmen, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi Aukje, mama yake baba, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "huyu". Mimi nami sikumpenda. Alikuwa mkavu, mpimaji maziwa kiwandani, na nyumbani pia alikaa kama anayesubiri kukuta maji ndani ya maziwa.

Kiangazi cha mwaka jana, baba akiendesha, tela lilianza kutikisa mkia kwenye mteremko baada ya Dijon, huko Ufaransa. Tulikuja kusimama tukiwa tumegeukia tulikotoka, malori yakitupigia honi. Siku ile Tjitske alisema neno moja tu: "Sipandi tena gari linalovuta tela ambalo sikulipima mimi."

Baba alimjibu kwa kununua tela kubwa zaidi. Kumbe zito namna ile halivutwi bila leseni ya ziada. Wakaenda kutahiniwa wote wawili. Tjitske alipita mara ya kwanza. Baba alianguka mara mbili, zote kwenye kurudi nyuma, akasema mtahini anachukia wanaume wenye ndevu.

Ndiyo maana Julai hii tulitoka kwetu Drachten, Uholanzi, Tjitske akiwa usukanini, baba kando yake kakunja mikono kifuani, mimi na bibi nyuma. Ndani ya tela mlikuwa na kreti tatu za bia na gunia la viazi kilo ishirini na tano, maana bibi haamini viazi vya Wafaransa. Tjitske alivipanga vyote katikati, juu ya magurudumu, na kuvifunga kamba.

"Tumepitwa na lori la nguruwe," baba alisema.

"Nguruwe wana haraka. Wanakwenda kuchinjwa."

"Angalau wao watafika."

Hivyo ndivyo walivyozungumza mpaka Luxembourg.

Tuliposimama kujaza mafuta, Tjitske alikwenda kulipa, na foleni ilikuwa ndefu. Bibi akataka kiti chake cha kukunja anywe kahawa amekaa kama mtu. Kiti kilikuwa chini kabisa. Baba akafungua kamba, akatoa kila kitu, na wakati wa kurudisha hakujisumbua: gunia na kreti akazibwaga nyuma kabisa, chini ya dirisha la mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya tela nikila mkate na jibini. Baba aliponiona aliweka kidole mdomoni.

"Huyu asijue. Atatupima sote."

Bibi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nami nilitabasamu.

Tjitske aliporudi hakupima. Alikuwa amepima asubuhi.

Mkia ulianza kutikisika kwenye mteremko uleule wa mwaka jana. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Halafu kushoto, kulia, kushoto, na gari likawa linavutwa matako.

"Breki!" baba alipiga kelele. "Kanyaga breki, mwanamke!"

Tjitske hakukanyaga. Alitoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani usicheze hata kidole kimoja, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Bibi alikuwa anasali kwa sauti, jambo ambalo hata kanisani sijamsikia akilifanya. Tela likatulia.

Alituingiza kwenye kituo cha mapumziko, akashuka, akatoa mizani na kuiweka chini ya shingo. Kilo kumi na nne. Akafungua mlango wa tela, akachungulia mpaka nyuma.

"Nani amevihamisha?"

"Vimeteleza," baba alisema. "Unakata kona kama mlevi."

"Gunia limejifungua kamba, likapita jikoni, likazunguka meza, likaenda kukaa nyuma kwa adabu? Na kreti zikalifuata?"

"Harmen, mwambie huyu akupe ufunguo," bibi alisema. "Katuonyesha kifo, inatosha."

"Nipe ufunguo, Tjitske. Utatuua."

Tjitske akanigeukia. Miaka mitano hakuwahi kuniomba kitu.

"Rixt. Wewe huongei, lakini huwa unaona. Nani?"

Baba alinitazama. Bibi alinitazama.

"Sikuona," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, kama afanyavyo mizani ikimpa namba asiyoitaka. Akauweka ufunguo juu ya gunia la viazi.

"Basi vuta, Harmen. Leseni ninayo mimi."

Aliifuta mizani vumbi kwa mkono wa sweta, akaitia kwapani, mkoba begani, akapanda ngazi za daraja linalovuka juu ya barabara kwenda upande wa pili, ambako magari yanaelekea kaskazini.

"Amekwenda kunywa kahawa," baba alisema.

"Kahawa iko upande huu," bibi alisema. "Mwache. Njaa itamrudisha."

Akaniambia nimenye viazi. Nikiwa namenya nilimwona ng'ambo akiongea na mzee na mkewe, gari lao lina namba za njano za Kiholanzi kama letu. Mzee akamfungulia mlango wa nyuma. Aliingiza mizani kwanza, kisha akaingia yeye.

Sikumwambia mtu. Nilimenya viazi vya watu wanne. Fungu la nne alilila bibi kesho yake, likiwa la baridi, akisema halina chumvi, na siku ya tatu bado tulikuwa palepale, tela nyuma yetu na hakuna wa kulivuta.