Siku niliyosoma jina la baba yake Koku hadharani: ruzuku ya kahawa, Karagwe, miaka ya hamsini

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mzee wa Karagwe. Natamka, mjukuu wangu anaandika kwa simu yake. Sitaongeza chumvi. Umri niliobakiwa nao hautoshi kusema uongo.

Nimesomewa mabishano yenu humu, kama majina ya wanaopewa ruzuku ya kilimo yatangazwe au yafichwe. Nikakumbuka mbali.

Nilitoka chuo cha kilimo nikapangiwa Ndama, bwana shamba msaidizi. Serikali ya mkoloni ilitoa ruzuku kwa kila mkulima aliyepanda mibuni mipya. Fedha zilikuja. Nani alizipokea, watu walinong'ona tu.

Niliamini, na bado naamini, kwamba mali ya umma haina haki ya kujificha. Nikamwomba jumbe majina yasomwe Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, na kila jina liitikiwe na wanaopakana na kibanja cha mwenye jina, yaani shamba lake.

Kwetu mpaka ni miramura, miti ya majani marefu tunayoipanda kati ya kibanja na kibanja. Jirani wa mpakani hadanganywi. Anajua hata mgomba ulioukata jana.

Jumbe akakubali.

Hapa naomba nivute pumzi. Kulikuwa na Koku.

Alikuwa binti wa Ta Bagenyi, yaani Mzee Bagenyi, mfanyabiashara aliyeheshimiwa sana. Washenga wangu walikwishapokelewa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Koku alikuwa na tabia ya kunicheka kabla sijamaliza sentensi. Sijapata tena mtu wa kunicheka vile.

Jumamosi alinisubiri njiani.

"Bwana shamba, kesho ukifika kwenye jina la baba, kohoa."

"Nikohoe?"

"Kohoa mpaka jina lipite. Watu watasema maskini, ana kifua."

Tukacheka wote wawili. Kisha nikaona mwenzangu hacheki.

"Kile kibanja chake cha Kiruruma hakina mche wa kahawa hata mmoja," akasema. "Unajua."

"Najua."

"Basi?"

"Koku, nikilificha la baba yako, nitapata wapi uso wa kusoma la mwingine?"

Alininyooshea kola ya shati, akaenda zake.

Jumapili nikasoma. Kila jina, majirani waliitikia: "Tunapakana naye, kapanda!" Ilikuwa kama sherehe.

Nikafika kwenye jina lile. "Ta Bagenyi, kibanja cha Kiruruma."

Watu wakageuka kutazamana.

Akasimama Ma Kemi, mjane aliyepanda mibuni kwa mikono yake na hajawahi kupewa chochote. "Ninayepakana huko ni mimi. Upande wangu kahawa, upande wake nyasi."

"Labda kaipanda mfukoni!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ta Bagenyi hakumtazama mjane. Alinitazama mimi. "Nami nilikwishaanza kukuita mwanangu," akasema, taratibu kabisa, akaondoka.

Koku akachukua kigoda cha baba yake, akamfuata. Hakugeuka.

Ruzuku ile alipewa Ma Kemi. Akaezeka nyumba yake upya. Nilirudishiwa rubisi nyingine badala ya ile iliyonywewa, uchumba ukafa, na kabla ya mavuno Koku aliolewa Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera.

Mimi nilioa baadaye, nikapata watoto wema. Silalamiki. Lakini mibuni inapochanua, kijiji kizima kikanukia, huwa natoka nje nikakaa peke yangu. Mjukuu huyu anajua, haniulizi.

Nilichojifunza, wakuu: anayepokea fedha ya wote atajwe mbele ya wote. Bila hivyo wa kulia ni Ma Kemi. Ila msidhani kusema ukweli hadharani ni kazi ya mdomo tu. Utafika kwenye jina unalolipenda, na hilo nalo utalisoma.

Ningelisoma tena. Na ningemkosa tena.

Semeni nanyi, hata wa kunipinga mnakaribishwa. Na kama humu yuko mtu wa ng'ambo ya mto ambaye bibi yake aliitwa Koku, mzaliwa wa Ndama, sihitaji mengi. Aniambie tu kama aliendelea kucheka.