Shangazi Akataa Kuwa wa Saba

Dada yangu anasomea shahada ya uzamili jikoni. Sebuleni mtandao haushiki kabisa. Jikoni, ukiegemeza kompyuta juu ya debe la unga karibu na dirisha, unashika. Anatafiti wafinyanzi wa jamii yetu, yaani mama zetu na shangazi zetu, na siku hiyo jopo la walimu, kupitia kompyuta hiyo, lilikuwa linaamua kama aendelee au atafute mada nyingine.

Mwalimu mmoja mwenye miwani alikuwa kamng'ang'ania.

"Hawa ni ndugu zako. Utawezaje kutowapendelea?"

Damu ikanichemka. Wageni wangapi wamekuja kwetu na kamera zao, wakala, wakalala, wakaondoka na shahada, na hakuna aliyewauliza kama walijipendelea wao! Lakini dada alishanionya: nikifungua mdomo, nitalala nje. Nikaendelea kumenya viazi.

"Kila mmoja nimempa namba badala ya jina, mwalimu," dada akajibu kwa adabu. "Mhojiwa wa saba, kwa mfano, huwa mkali ukimuuliza kwa nini vyungu vyake vinapasuka motoni."

Mlango ukabamizwa. Shangazi, aliyekuja kuazima ndoo, akaingia na udongo hadi viwikoni. Hakuhitaji kutajwa jina.

"Vyungu vya nani vinapasuka?"

"Shangazi, tafadhali, niko darasani."

"Darasani unanisema mimi! Na wa kwanza ni nani?"

Macho ya dada yakamsaliti, yakakimbilia ukuta wa jirani.

"Yule! Mwenye vyungu vilivyopinda kama mdomo wa mgonjwa wa jino! Yeye wa kwanza, mimi niliyekubeba mgongoni wa saba?"

Dada akapapasa kitufe cha kuzima sauti asikione. Shangazi akamsukuma kando, uso wake ukajaa kwenye kompyuta.

"Nyie walimu, mnamfundisha nini huyu? Hata wa pili sikupewa! Undugu uko wapi?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, mabega yakimtikisika.

"Kwa hiyo, mama, hakukupendelea?"

"Anipendelee? Huyu? Hana hata haya!"

"Basi nimejibiwa. Binti aendelee. Ila siku nyingine afunge mlango."

Nikarusha kiazi juu kwa furaha. Dada akakaa sakafuni, hoi. Shangazi peke yake ndiye ambaye hakuona cha kushangilia. Akainamia tena kompyuta, akashusha sauti:

"Na vilipasuka viwili tu, mwalimu. Vyote siku aliyokuja huyu kuvitazama."