Dakika Arobaini Kwenye Kiti cha Bi Tulia

Saa moja kasoro robo asubuhi, kengele ya chuo bado haijalia, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba anamimina maji ya uvuguvugu kwenye karai la plastiki. Analiweka juu ya kigoda, nje ya mlango wa ofisi yake. Pembeni anaweka kipande cha sabuni na taulo ambalo zamani lilikuwa jeupe.

Hatua zinasikika kwenye korido. Ni mwalimu wa rangi, mikono ya kijani hadi viwikoni, karatasi kaishika kwa meno.

"Simama hapo hapo," anaambiwa. "Nawa kwanza."

"Dada Fomu, nina haraka."

"Haraka yako ya wiki iliyopita iko kwenye faili, imeacha vidole vitano. Nawa."

Mwalimu anacheka na karatasi inamdondoka. Ni fomu ya kuomba likizo. Mahali palipoandikwa "Sababu", ameandika: "Nimechoka na kijani."

Dada Fomu anaisoma mara mbili, anaigonga muhuri.

"Hii ni sababu ya kweli kuliko nyingi ninazoletewa," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Wengine wameshazika shangazi mmoja mara tatu."

Huyu ni ofisa rasilimali watu wa chuo cha sanaa, mwenye umri wa miaka 39 na mama wa watoto wawili. Chuo kina waajiriwa 64. Walimu ni 38, na waliobaki ni mafundi wa tanuri, watunza stoo, wahudumu na walinzi. Wote mambo yao yanapita kwenye meza yake: mikataba, likizo, bima, ruhusa za uzazi, na ugomvi.

Ofisi yake imebanwa kati ya karakana ya uchongaji na stoo ya karatasi. Nyundo zinagonga ukutani kuanzia saa mbili hadi mchana. Vumbi la plasta limetua juu ya kabati, juu ya simu, hata kwenye nyusi zake. Mafaili ameyavalisha mifuko ya nailoni, na anayataja kama watoto: "Huyu nimemvalisha jana, huyu bado."

Ukutani kuna ratiba ambayo anajivunia kuliko cheti chake. Ni ratiba ya sinki. Mwalimu wa uchongaji na mwalimu wa picha walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya sinki moja, hadi wakafika mahali pa kutumiana salamu kwa barua.

"Niliwaita, nikawakalisha hapa, nikawauliza kila mmoja anaosha nini na saa ngapi. Kumbe saa zao wala hazigongani! Mwaka mzima watu wazima wamenuna bure," anasema, akicheka hadi miwani inamteleza.

Hakuanzia hapa. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni, ambako watu aliwajua kwa namba za kadi. Siku moja kiwanda kiliamua kupunguza watu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kugawa barua, mkono kwa mkono. Alizigawa 112.

"Saa kumi jioni nikarudi ofisini nimechoka, nikakuta bahasha juu ya meza yangu. Ya 113. Ilikuwa yangu."

Anasema hilo bila uchungu, ila anavua miwani na kuifuta.

"Nilijiapiza. Nikipata tena kazi hii, sitampa mtu barua ya kwaheri kabla sijajua alikuwa anafanya nini."

Kiapo hicho kilipata mtihani wake mwaka jana.

Bodi ya chuo ilitoa agizo kwamba ifikapo mwisho wa muhula, mtu yeyote asiye na cheo katika muundo wa utumishi aondolewe. Dada Fomu alipekua orodha zake siku tatu. Akabaki na mtu mmoja tu asiyekuwa na cheo, asiyekuwa na faili, asiyekuwa hata na namba.

Ni mwanamke wa miaka 52 ambaye chuo kizima kinamwita Bi Tulia. Kazi yake ni kukaa ili wanafunzi wa uchoraji wamchore. Anakaa dakika arobaini bila kutikisika, mara mbili kwa siku, siku nne kwa wiki. Ameifanya kazi hiyo miaka 17.

"Uandike vizuri kwamba ninakaa na nguo zangu zote," anamsihi mwandishi. "Majirani zangu wanasoma gazeti."

Kabla ya hapo alikuwa akiuza nguo za mitumba, na mabinti zake watatu aliwalea peke yake. Mwalimu wa uchoraji alimwona siku moja akisubiri wateja, hana hata mmoja, ametulia kama maji ya mtungini. Akamwomba aje siku moja tu. Siku moja ikazaa nyingine.

Hakuwahi kusaini mkataba. Posho yake ilitoka kwenye fungu la vifaa, na katika vitabu vya chuo aliingizwa kwenye mstari uliosomeka "karatasi, mkaa na mengineyo."

"Mimi ndiye mengineyo," anasema Bi Tulia, na kucheka kwa sauti ambayo huwezi kuitarajia kwa mtu aliyezoea ukimya.

Siku asipofika, hakuna malipo. Alipougua homa ya mapafu miaka minne iliyopita, alirudi kitini siku ya kumi, kifua kikiwa bado kinambana. Kilichomtesa zaidi, anasema, ni kuzuia kikohozi kwa dakika arobaini.

Dada Fomu aliichapa barua ya kumwondoa. Ilikuwa na mistari sita. Ikakaa juu ya meza siku mbili bila saini.

Nyumbani, mama yake mzazi anayeishi naye alimtazama akichezea chakula.

"Mbona unadonoa kama kuku mgonjwa?"

Akamsimulia. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani kazi yenyewe ni nini? Kukaa? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, nani amenilipa?"

Mumewe, fundi wa majokofu, aliangua kicheko. Watoto nao wakacheka. Lakini yeye alibaki ameshika kijiko.

"Lilinigonga kichwani. Mama ameuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kuliuliza. Kazi yenyewe ni nini? Nilikuwa tayari kumfukuza mtu, na jibu sina."

Kesho yake alishuka kwenye chumba cha uchoraji. Bi Tulia alikuwa akipanga mto kwenye kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na barua yangu?"

Chuo ni kidogo, habari ilikwishamfikia.

"Sijaja na barua, mama. Nimekuja kuomba kiti chako."

Wanafunzi 22 walikuwa tayari, mkaa mkononi. Bi Tulia alimkalisha, akamzungushia miguu alama ya chaki sakafuni ili akihama ajulikane, akamwonyesha doa dogo ukutani la kutazama. Mwalimu akawasha saa.

Dakika ya nne, pua ikaanza kuwasha.

"Usipigane nayo," Bi Tulia alimnong'oneza kutoka nyuma. "Iache. Itachoka yenyewe."

Dakika ya tisa, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Dakika ya kumi na mbili, mgongo ukawa kama umeingia msumari. Jasho likamshuka shingoni taratibu, na kila tone alilijua linapopita. Dakika ya kumi na saba akageuza kidevu, kidogo tu.

"Aaaah!" darasa zima likaguna. Michoro 22 ilikuwa imeharibika kwa mpigo mmoja.

"Sijawahi kuona aibu kama ile," anasema. "Nimesimama mbele ya wakurugenzi, nimejibu mambo magumu. Siku ile nilishindwa na kidevu changu mwenyewe."

Alirudi siku ya pili akafika dakika ishirini na nne. Siku ya tatu, thelathini na moja. Siku ya nne alifika arobaini kamili. Alipoinuka miguu ilikataa, akaangukia kifuani kwa Bi Tulia, na darasa likapiga makofi.

Lakini anasema kukaa ndiko kulikokuwa sehemu ndogo ya alichojifunza. Aligundua kwamba Bi Tulia anamjua mwanafunzi aliyekwama kwa kusikiliza mkaa wake ukikwaruza karatasi. Mapumziko yakifika, hupita nyuma ya vile viunzi vya mbao vya kuchorea, na kusema polepole: "Mwanangu, mkono wangu umeukata. Hebu nitazame tena."

Mwalimu wa uchoraji, mwanamume mrefu anayeongea huku akichora hewani kwa kidole, analikubali hilo bila wivu. "Mimi nafundisha kushika mkaa. Kutazama wanafundishwa na yule mama. Mwanafunzi akitaka kukata tamaa, anamwona yeye bado amekaa. Ataanzia wapi kulalamika?"

Dada Fomu aliichana ile barua ya mistari sita. Mahali pake akaandika kurasa mbili za majukumu ya kazi, na kila neno lilikuwa kitu alichokiona au kilichomuuma. Kilichomsumbua ni jina la cheo. Aliwaza "Mkaaji", mumewe akamwambia hilo linamfaa mpangaji. Bi Tulia mwenyewe alipendekeza "Mwalimu wa Kutulia." Mwishowe wakakubaliana: Mkufunzi Msaidizi wa Mkao na Umbo.

Siku ya kikao cha bodi, mwenyekiti, mhandisi mstaafu, alizisoma kurasa zile na kuziweka chini.

"Kwa hiyo tunaombwa kuajiri mtu wa kukaa," alisema. "Sisi wenyewe tumekaa hapa tangu saa tatu."

Wajumbe saba wakacheka. Dada Fomu alisubiri kicheko kiishe.

"Ni kweli, mwenyekiti. Basi naomba tukae. Dakika kumi tu. Mwalimu wa uchoraji atachora."

Anasema hadi leo hajui ujasiri ule ulitoka wapi. Huenda mwenyekiti alikubali kwa sababu alidhani ni mzaha. Mjumbe wa kwanza alianguka dakika ya pili kwa chafya. Wa pili alitazama simu. Mwanamama mmoja, mkuu wa shule mstaafu, alishika uzi hadi dakika ya tano, kisha akamgeukia jirani yake kumkanya asitikisike, na kwa kufanya hivyo akatikisika yeye. Mwenyekiti alibaki wa mwisho, uso umemwiva kwa kujizuia, hadi dakika ya sita alipojikuna sikio.

Mwenyekiti alimgeukia Dada Fomu.

"Huyo mama hukaa muda gani?"

"Dakika arobaini, mzee. Mara mbili kwa siku."

"Kwa muda gani sasa?"

"Miaka kumi na saba."

"Likizo?"

"Hajawahi kupewa hata siku moja."

Mwenyekiti alizivuta zile kurasa, akatoa kalamu. "Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga. Katibu wa bodi anakumbuka kwamba wajumbe wote saba walikuwa wakijinyoosha migongo.

Barua ya ajira ilitoka wiki ya kwanza ya muhula mpya. Dada Fomu aliipeleka mwenyewe. Alipofika mlangoni mwa chumba cha uchoraji, Bi Tulia alikuwa kitini, na zilibaki dakika ishirini na tatu kabla ya mapumziko. Kwa sheria za chumba kile, hakuna anayeingia wala kutoka. Akasimama pale pale, bahasha mkononi.

Bi Tulia aliiona. Hakugeuza shingo. Hakupepesa. Ila chozi moja lilimtoka, likashuka shavuni taratibu hadi kidevuni.

Wanafunzi wakatazamana. Kisha mmoja akainamia karatasi yake, na wengine wakamfuata. Walilichora chozi.

Saa ilipolia, chumba kilipasuka kwa vigelegele ambavyo karakana ya uchongaji ilivisikia na kuacha nyundo. Vilikuwa vya Bi Tulia mwenyewe.

"Nisomee wewe, mwanangu," alimwambia Dada Fomu akimrudishia bahasha. "Macho yangu yana maji."

Leo Bi Tulia ana faili, limevaa mfuko wa nailoni. Ana bima ya afya na mshahara wa mwezi usiouliza kama ana mafua. Mwezi uliopita alichukua likizo ya kwanza ya maisha yake, siku 28, akaenda kumpakata mjukuu.

"Yule mtoto hatulii hata dakika moja," anasema kwa furaha. "Amechukua upande wa babu yake."

Naye Dada Fomu hakuishia kwake. Ameanza kuwafuata wafanyakazi mmoja baada ya mwingine, akifanya kazi ya kila mmoja kwa siku nzima kabla hajaiandika upya. Ameshafagia karakana na kupanga rangi stoo. Tanuri lilimuunguza nyusi, na mama yake alicheka wiki nzima. Ameshawafikia kumi na mmoja.

"Nataka kabla sijastaafu, kila mtu hapa awe na karatasi inayoitaja kazi yake kama ilivyo. Wote 64. Mtu akisoma, aseme: ndiyo, huyu ni mimi."

Wa kumi na mbili ni mkandaji wa udongo wa wafinyanzi, mwanamume mwenye mabega mapana ambaye kwa miaka minane cheo chake kimekuwa "msaidizi wa jumla". Zamu yake ni Jumatatu ijayo. Dada Fomu ameshanunua mabuti ya mpira, na kuyajaribisha sebuleni mbele ya familia.

Mkandaji alipoulizwa na mwandishi kama amejiandaa kumpokea mgeni wake, alisimama katikati ya shimo, udongo umemfika magotini, akajifuta paji la uso kwa mkono.

"Mwambieni aje ameshiba," alisema. "Huku hakuna kukaa."