Usingizi wa Mchana wa Melkizedeki

Melkizedeki alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na vyote viwili vilimpendeza Mzee Abdulhamidi alipotafuta mtu wa kukanda unga. Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka ya Singida mjini yalikuwa yameanza tena kujaa sabuni, vitenge na ngano, na wenye mitaji walifungua biashara zao wenyewe. Chama cha ushirika, ambako Melkizedeki alipokea alizeti za wakulima, kilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Mzee Abdulhamidi, muuza nguo ambaye baba yake alitokea pwani, akajenga tanuri la mikate nyuma ya nyumba yake katika mtaa wa Utemini.

Mikate huokwa usiku ili asubuhi iwe madukani ingali moto. Hilo Melkizedeki alilijua alipoikubali kazi. Asilolijua ni jinsi mchana wenyewe ungemtesa.

Chumba alichopanga na mkewe, Cecilia, kilikuwa cha bati, hakina dari. Jua likishapanda, humo ndani kulikuwa hakuna tofauti na tanurini alikotoka. Nyuma ya ukuta ilikuwepo mashine ya kusaga ya jirani yao Simoni, iliyonguruma kutwa kuwasagia wanawake mtama na mahindi. Uani wapangaji walitwanga, watoto walicheza, muuza mafuta ya taa alipita akigonga debe.

Mwanzoni alimwambia Cecilia kwamba mwili huzoea. Alilala vipande vipande: kipande kabla ya mashine kuwashwa, kipande umeme ukikatika, kingine jioni, mpaka aamshwe kwenda kazini. Mvua za mwaka ule zilipokwisha alikuwa amepungua, na macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi, ingawa hakunywa pombe. Akasahau chumvi kwenye unga, mara ya kwanza na mara ya pili. Jumapili akaacha kwenda kanisani. Wapangaji wakicheka uani, alitoka mlangoni kuuliza wanamcheka nini. Siku moja Cecilia alimkuta ameketi kitandani analia kwa sababu kamba ya kiatu imekatika.

"Baba Stanley, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

Cecilia hakujua la kufanya na jibu hilo. Kila mtu mtaani alikuwa amechoka.

Kisha likaja suala la uji. Asubuhi moja alionja kijiko kimoja akakisukuma kibakuli.

"Umetia nini humu?"

"Ni uwele na sukari, kama jana."

"Kunywa wewe kwanza."

Cecilia akanywa. Akanywa nusu nzima mbele yake, akamrudishia kibakuli. Melkizedeki hakukigusa. Kuanzia siku hiyo alikula mikate aliyooka mwenyewe na maji aliyochota mwenyewe, na usingizi ule kidogo aliokuwa nao alianza kuulala ameegemea mlango.

Mashine ilimwita kwa mara ya kwanza wakati wa kiangazi. Haikumwita kwa jina la Melkizedeki. Ilimwita kwa jina lake la utotoni, la kijijini kwao Ilongero, ambalo bibi yake tu ndiye aliyelitumia, na bibi alikuwa marehemu siku nyingi. Alidhani anaota. Akaketi, akanawa uso, akasikiliza tena. Ilikuwa bado inaita, taratibu, bila kuchoka. Hakumwambia mtu. Alivumilia hali hiyo kwa siku kadhaa, kisha adhuhuri moja akachukua kisu cha jikoni akaenda kuukata mkanda wa mashine.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikiona kisu wakatawanyika, wengine wakaacha ndoo zao hapo hapo. Simoni alikuwa ndani, mweupe kwa unga. Alimtazama Melkizedeki, akakitazama kisu, akanyoosha mkono pembeni akazima umeme. Mkanda ulizunguka mara chache ukasimama.

"Imenyamaza," Melkizedeki alisema.

"Ndiyo, nimeizima," Simoni akajibu.

Melkizedeki akaketi juu ya gunia la pumba. Kisu kikamtoka mkononi. Watu waliporudi kuchungulia wakiwa na fimbo, walimkuta amelala, mdomo wazi. Simoni alikuwa amesimama mlangoni akiwaashiria wasipige kelele. Mashine haikuwashwa tena siku hiyo, na waliotaka unga waliupata kwingine.

Wapo waliotaka apelekwe polisi. Wapo waliosema ni Mirembe moja kwa moja, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kaka yake, Antipasi, alikuja kutoka Ilongero akiwa na uhakika kwamba mtu fulani wa ushirika, aliyegombania cheo na Melkizedeki zamani, ndiye aliyemchezea kwa uchawi, na alikuwa ameshapatana na mganga.

"Shemeji, kwanza hospitali," Cecilia alisema. "Wakishindwa, tutafuata unalosema wewe."

Tabibu aliyewapokea aliuliza maswali mengi, na karibu yote yalihusu kulala. Melkizedeki akayajibu, akaitaja na sauti ya mashine iliyomwita. Antipasi akakosa subira.

"Daktari, usingizi tu ndio umsikilizishe mtu sauti?"

"Kuukosa, ndiyo. Kwa miezi mingi, ndiyo. Nitampa dawa za kumlaza, lakini akirudi kwenye kazi ya usiku, na chumba kile kile, mtanirudishia."

Antipasi hakushawishika, ila alikubali kumchukua Melkizedeki nyumbani. Huko alilazwa katika tembe la baba yao, la kuta nene na paa la udongo, ambamo mchana ni giza na baridi. Alilala kama mtu aliyetupwa. Aliamshwa kula akalala tena. Sauti zilififia, kisha zikaondoka, na zilipoondoka ikabaki aibu. Hakutaka kuonwa na mtu. Cecilia alipokuja kumtembelea, alikula alichompikia, akakimaliza.

"Ule uji niliuona mchungu kweli, mama Stanley," akasema.

"Najua," Cecilia akajibu, akakusanya vyombo.

Aliporudi mjini, Cecilia alikwenda kwa Mzee Abdulhamidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa?"

"Anaendelea. Ila usiku hawezi tena."

Mzee alifikiri. Mikate haikuweza kuokwa mchana, alisema, na tanurini alikuwa ameshamweka mtu mwingine, Manase. Kilichokuwepo ni baiskeli ya kusambaza mikate kuanzia alfajiri, kwa ujira mdogo kuliko wa mwanzo. Cecilia aliukubali kabla mumewe hajaulizwa. Wakahama, wakapata chumba cha udongo mbali na mashine.

Melkizedeki alisambaza mikate mpaka Mzee Abdulhamidi alipouza tanuri, kisha akarudi Ilongero kulima alizeti. Sauti zile hazikumrudia. Ila kila msimu wa palizi, watu walipoamka usiku kuwahi shamba, yeye aliachwa alale, na hakuna aliyemwita mvivu. Manase alikaa tanurini miaka mingi bila kupatwa na lolote, jambo lililompa Antipasi sababu ya kuendelea kumshuku yule mtu wa ushirika.