Shangazi Nabintu Hakupiga Vigelegele

Juzi hapa ughaibuni, Skärholmen, televisheni ilimwonyesha mama Mmarekani akipinga vita vya Iraki, watu wakimzomea kuwa msaliti. Mjukuu wangu Neema akasema, "Bibi, huyu hapendi askari wao."

Nikamkumbuka shangazi Nabintu. Mchana ule wa zamani, kijijini kwetu, vijana wetu walikwenda vitani, sombe, yaani majani ya muhogo, ikinukia mawese, wanawake wakipiga vigelegele. Yeye aliketi chini, amenyoosha miguu kama matangani.

"Nabintu, unamlilia mtu aliye hai?" wakamcheka.

"Namlilia angali ananisikia."

Mimi nilidhani anamchukia mwanawe Birindwa, aliyekuwa miongoni mwa vijana wale.

Leo najua. "Neema," nikasema, "huyo anayezomewa ndiye anayewapenda." Nikashuka kwenye kochi, nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu.