Maneno ya Mshonaji

Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Mitaani alikuwa Bi Hodi, kwa sababu riziki yake ilikuwa kupiga hodi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mdodosaji wa taasisi moja ya utafiti: asubuhi anavaa raba zake, anatia fomu mkobani, anaingia mitaani kuuliza watu habari za maji, za vyoo, za homa za watoto. Mumewe, dereva mstaafu mwenye maneno mengi, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi nimeoa mwanamke anayelipwa kwa umbea."

"Umbea husambazwa, baba watoto," Bi Hodi humjibu. "Wangu unafungiwa kabatini kwa kufuli."

Si kwamba alizaliwa mnyoofu. Mwaka wake wa kwanza kazini, nyumba ya mwisho ya siku ilikuwa juu kilimani na mvua ilikuwa inamwagika. Bi Hodi alijibanza kwenye mkahawa, akaagiza chai, akajaza fomu mwenyewe: baba, mama, watoto watano, wote wana afya njema. Kumbe msimamizi alikuwa na kawaida ya kurudia nyumba mbili tatu kukagua. Alipofika kule kilimani alimkuta mzee mgane anayeishi na redio yake. Hakumfukuza Bi Hodi. Alimpa fomu tupu, akamwambia, "Rudi ukamuulize mwenyewe." Mzee alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti, kisha akasema, "Nasikia umenijalia watoto watano, mwanangu. Hebu niambie, wanasoma?" Bi Hodi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu hapo, mtu akisema "sijui", yeye aliandika "sijui".

Sasa, mwaka ule taasisi ilikuwa inachunguza maisha ya watu wanaouguza wazee majumbani. Kiongozi wa kazi alikuwa msomi kijana, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukimbizana na tarehe. Wote walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Bi Hodi alipangiwa nyumba arobaini. Katika mojawapo, jirani na kituo cha treni, alimkuta mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Alikuwa akimuuguza mama mkwe wake, mkunga wa zamani aliyepooza upande mmoja.

Bi Hodi alimsomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno, kama alivyowasomea wote: unaweza kukataa, unaweza kuacha katikati, na hakuna atakayekutambua.

"Hata mawifi zangu?" mshonaji aliuliza.

"Hata mawifi zako."

Basi akasaini, na moyo ukafunguka. Alisema mengi, na katikati ya hayo akasema hili: "Siku nyingine namfungia mama mlango, naenda nyuma ya nyumba, nalia mpaka nacheka. Halafu nanawa uso, namrudia na chai yake." Bi Hodi aliandika vilevile, hakuongeza hata nukta. Juu ya fomu hakuandika jina, bali namba.

Miezi ikapita. Siku moja Daktari alimwita ofisini akampa makala yote aliyoiandika, ikiwa imekubaliwa na jarida kubwa. Alimwomba akague tu kama maneno ya watu yamenakiliwa sawasawa. Bi Hodi alianza kusoma akiwa amesimama. Hakumaliza ukurasa wa kwanza, akavuta kiti. Makala ilianza na mlango ule uliofungwa na kilio kile kinachogeuka kicheko. Na chini yake: *mshonaji wa sare za shule, anayemuuguza mama mkwe aliyekuwa mkunga, karibu na kituo cha treni.*

"Yamenakiliwa sawa?" Daktari aliuliza.

"Sawasawa kabisa. Ndiyo maana hayawezi kutoka hivi."

"Kwani kuna shida gani? Jina sikuliandika."

"Jina hukuliandika, mwanangu, lakini umemchora sura. Mtaa ule una mkunga mmoja tu, na nusu ya watu wa pale walizaliwa mikononi mwake. Nani asiyejua mkwe wake ni nani?"

Daktari aliinua karatasi yenye saini. "Alikubali, Bi Hodi. Hii hapa."

"Alikubali kuzungumza kwa kuwa nilimwambia hatatambulika. Ahadi niliitoa mimi kwa mdomo wangu. Wewe hukuwapo."

Daktari alizunguka meza. Mhariri alikuwa anaingoja makala ndani ya siku mbili. Kisha macho yakamng'aa. "Basi tumgeuze. Tuseme ni mwalimu, anamuuguza baba yake."

"Hapo utakuwa umetoka kwenye umbea ukaingia kwenye uongo," alisema Bi Hodi, akacheka kidogo ili maneno yasimchome sana. "Mimi niliwahi kumpa mtu watoto watano asiokuwa nao. Usinipeleke tena huko."

"Sasa tufanye nini?"

"Twende tukamuulize mwenyewe. Vaa viatu vya kutembea."

Ndivyo Daktari, aliyekuwa ameandika kurasa ishirini juu ya nyumba zile, alivyokanyaga kizingiti cha mojawapo kwa mara ya kwanza. Mshonaji alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, marundo ya sketi za buluu pembeni. Bi Hodi hakutoa karatasi. Kwanza alisalimia, akauliza hali ya mgonjwa, akavuta kigoda karibu kabisa, ndipo akamweleza kwa sauti ya chini walichokijia.

Kabla mshonaji hajajibu, sauti kavu ilitoka chumbani. "Nani huyo?"

"Ni Bi Hodi, mama."

"Amekuja kuniuliza mimi? Mwambie aingie, leo nina mengi!"

"Nakuja, mama," Bi Hodi aliitikia. "Namaliza na mkweo kwanza."

Mshonaji aliisoma ile sehemu yake, midomo ikitembea polepole. Alipomaliza alitazama mlango wa chumbani, kisha akamtazama Daktari.

"Mawifi zangu wakisoma hapa," alinong'ona, "watasema namtesa mama yao. Hawajui ni mara ngapi kwa usiku namgeuza ubavu."

Daktari alitoa kalamu. Akasema, "Samahani, dada. Tunaifuta yote. Hutaonekana popote."

"Yote?" Mshonaji alikunja uso, akafikiri. Alipitisha kidole juu ya yale maneno yake. "Hapana. Maneno yabaki, ni ya kweli, na najua siko peke yangu. Huenda mwenzangu mahali akasoma akajua yeye si mbaya. Ila nitoeni mimi. Toeni sare, toeni ukunga, toeni treni."

"Na huo mlango je?" Bi Hodi aliuliza. "Mawifi wanaujua?"

"Huo kila nyumba inao," alisema mshonaji, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Daktari aliandika hapohapo, akamsomea: *mwanamke mmoja anayemuuguza mzee nyumbani.* Mshonaji akaitikia kwa kichwa, mguu ukarudi kwenye cherehani. Bi Hodi akaingia chumbani kutimiza neno lake, akakaa nusu saa nzima akisikiliza habari za mapacha waliozaliwa wakati wa mafuriko, bila kuandika chochote.

Njiani, walipokuwa wakivuka reli, Daktari alisimama. "Nina nukuu nyingine kumi na moja katika makala ile," alisema.

"Najua," alisema Bi Hodi. "Nne ni za nyumba zangu. Nyingine ni za wenzangu wawili."

Daktari alimwandikia mhariri akieleza kisa chote na kuomba muda. Mhariri alimpa wiki sita na barua ya shukrani. Katika wiki hizo wadodosaji watatu walikaa kwenye meza moja na Daktari, wakapitia nukuu moja moja. Mbili zilifutwa kabisa, kwa kuwa wenyewe walikataa. Makala ilikosa toleo lake, ikachelewa miezi minne. Tangu hapo hakuna makala iliyotoka katika taasisi ile kabla waliopiga hodi hawajaisoma, na wadodosaji wapya walipelekwa kwanza kwa Bi Hodi, awafundishe kusoma karatasi ya ridhaa kama mtu anayemaanisha.

Jarida lilipofika, Daktari alikuwa amewashukuru wadodosaji wote watatu ukurasa wa mwisho, kwa majina yao kamili, baada ya kuwaomba ruhusa. Bi Hodi alilipeleka nyumbani, akampa mumewe likiwa limefunguliwa ukurasa ule. Mumewe alivaa miwani, akasoma mstari ule mara mbili.

"Huyu wa katikati ni nani?" aliuliza. "Jina hili niliwahi kulisikia siku ya ndoa."

"Ndiye mwenyewe huyo."

"Basi mpe hongera zangu," alisema mzee, akaliweka jarida juu ya redio, upande wa mlangoni, mahali ambapo mgeni yeyote angelazimika kuuliza.