Mama Vero na script ya HODI: ku-automate kompyuta kunamfaa anayeanza programming?

Wakuu habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, nimeitikia hata kabla hamjatoa.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza kama anaweza kuanza programming kwa zile lugha za ku-automate desktop, zile za kuiambia kompyuta fungua hiki, bonyeza pale, chapa hivi. Mkamvamia kama nyuki. "Hiyo siyo programming." "Utaharibika mapema."

Nilicheka peke yangu, maana mwanafunzi wangu wa kwanza alianzia hapohapo. Nasimulia yaliyonitokea mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Ilikuwa miaka ya tisini, Ifakara. Mimi kijana wa Idete, nimesomasoma kompyuta kidogo Morogoro, nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa mpunga. Jina la mradi niacheni nalo, ulishakufa zamani.

Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Windows 3.1! Waliozaliwa juzi hamtaelewa. Unaiwasha, unakwenda kunywa chai na kitumbua, unarudi bado inajifikiria. Nimeimiss kuliko ninavyopaswa.

Sekretari wetu alikuwa Mama Vero, mjane, mtu wa makamo. Ndiye pia aliyekuwa mama mwenye nyumba wangu, nilipanga chumba kwake Lipangalala. Kwenye taipureta hakuwa na mpinzani. Binti yake, huyo Vero, alikuwa sekondari ya bweni, na ada ilitoka kwenye vidole vya mama yake.

Siku moja meneja akatuita. Kuanzia sasa ripoti ya mpunga ya kila wiki itakwenda makao makuu Dar kwenye floppy, ile diski ndogo ya kuchomeka, kwa basi la Ijumaa. Taipureta inaondolewa. Asiyeiweza kompyuta, mkataba ukiisha asitegemee mwingine.

Hakumtaja mtu. Ila wote tulimwangalia Mama Vero.

Jioni ile wali uliungua, na Mama Vero nilikuwa sijawahi kumwona akiunguza wali. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nikitoka pale, Vero anarudi nyumbani. Nifundishe hilo dude."

Nikafanya ambalo kijana yeyote mwenye haraka angefanya. Windows ile ilikuwa na kiprogramu cha ku-record: unafanya kazi mara moja, chenyewe kinakariri unachobonyeza, kesho unakiamuru kinarudia. Nikarekodi kazi yote: fungua spreadsheet, fungua ripoti, print, save kwenye floppy.

Mama Vero akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza. Kompyuta ikaanza kujiendesha. Aliruka na kiti chake.

"Yesu na Maria! Nani anabonyeza?"

"Hakuna mtu, Mama. Inarudia vile nilivyoifundisha."

Wakuu, ile furaha usoni kwake sijaisahau. Mtu aliyeogopa hata kugusa mouse akaanza kurekodi vyake mwenyewe, barua za mialiko, vichwa vya ripoti. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ananituma mimi chai.

Ijumaa ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, Dar wakapiga simu kwamba floppy imefika tupu.

Tukachunguza. Siku ile mashine ilikuwa nzito kuliko kawaida. Spreadsheet haijafunguka, macro, yaani ile rekodi yetu, imeshaanza kubonyeza. Inachapa hewani, ina-save hewani, inamaliza na kukaa kimya kama imefanya kazi.

Meneja hakupiga kelele. Alisema tu, "Ijumaa ijayo nitakuwepo mwenyewe." Mama Vero akafunika kompyuta kwa kitambaa chake, tukarudi nyumbani.

Baada ya kula ndipo akafunguka.

"Baba, hilo dude lako halina adabu. Linaingia nyumba za watu bila hodi."

"Kivipi, Mama?"

"Mtu unapiga hodi, unasubiri. Ukiitikiwa karibu, ndiyo unaingia. Hodi ya tatu kimya, unaondoka, hulazimishi. Lenyewe linajiingilia tu, kama kuna mtu kama hakuna."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Ile ya kurekodi haikuwa na uwezo wa kusubiri wala kuuliza. Lakini DOS, ile ya kuandika amri, tulikuwa nayo, na kwenye batch file, yaani faili la amri zilizopangwa mfululizo, ipo IF EXIST, yaani "kama kitu fulani kipo".

Nikamwonyesha hiyo IF, na GOTO ya "rudi mstari fulani", basi. Yaliyobaki aliandika mwenyewe, kwa vidole kumi, bila kuangalia keyboard. Copy ripoti kwenye floppy. Kama ipo, andika KARIBU. Kama haipo, andika HODI, simama, mtu aangalie kuna nini, kisha jaribu tena. Ya tatu ikishindikana, andika HAKUNA MTU na uache. Faili akaliita HODI.BAT.

Ijumaa ikafika. Meneja nyuma ya kiti, tarishi mlangoni na bahasha, basi linapiga honi stendi. Mama Vero akaandika HODI, akabonyeza Enter.

Kioo kikajibu: HODI.

Akabonyeza tena. HODI ya pili.

Nikanyoosha mkono nishike keyboard, akanipiga kofi mkononi mbele ya meneja.

"Tulia wewe. Bado moja."

Akachomoa floppy, akaigeuza, akaitazama. Ilikuwa imejaa ripoti za zamani. Angekuwa na ile macro yetu, ingekwenda hivyohivyo Dar bila ripoti mpya. Akachukua nyingine dukani, yaani kabatini, maana kabati lake lilikuwa duka. Akaichomeka, akabonyeza.

KARIBU.

Meneja akauliza, "Hii hodi ni kitu gani?"

"Ni adabu, Bwana Meneja," akajibu, huku anampa tarishi bahasha.

Mkataba wake ulisainiwa upya. Vero alimaliza shule.

Sasa kwa yule kijana: anza tu. Utaiona kazi yako ya kila siku ikifanyika mbele ya macho yako, na hiyo raha ndiyo itakayokuvuta kesho urudi. Ila kurekodi usikuite programming. Programming inaanza siku utakapojiuliza, "na nisipoitikiwa?" Ukibaki kwenye kurekodi, utakuwa unatuma floppy tupu maisha yako yote.

Mwaka jana nilipita Lipangalala. Nyumba ni ileile, mlango wazi. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikawaza mabaya, unajua umri wake tena. Nikageuka taratibu niondoke.

Sauti ikatoka ndani, imezeeka lakini ni yenyewe:

"Karibu mwanangu. Nilitaka nione kama bado unakumbuka."

Haya wakuu, nanyi mlianzia wapi? Wenye macro zao wasione aibu, uwanja ni wenu.